Volkswagen Polo Vivo ya gia za mkono: tathmini ya dereva aliyekulia kwenye Probox

Wanaoiona Polo Vivo imeegeshwa mlangoni kwangu Bamburi, Mombasa, kando ya Toyota Probox kuukuu, huuliza mambo yale yale. Yanywa mafuta kiasi gani? Spea zapatikana? Yaweza kweli barabara za mitaani kwetu? Nitayajibu. Lakini swali ambalo ningependa kila mnunuzi ajiulize kwanza ni hili: mikono yako imezoea gari gani? Mimi nasambaza mayai na kuku kwenye mahoteli na maduka kuanzia Nyali hadi Kilifi, na kazi hiyo nimeifanya kwa Probox ya gia za mkono tangu binti yangu hajaanza nasari. Polo nimeipenda kwa dhati. Na bado nasema, kwa dereva aliyekulia kwenye Toyota, gharama kubwa ya gari hili haiko kwenye bei. Iko kichwani, pale mazoea ya zamani na mapya yanapogombania mkono mmoja.

Kwanza gari lenyewe. Yangu ni ile yenye buti, injini ya petroli ya lita 1.4, kilowati 63, gia tano. Vivo ni gari la Afrika Kusini, la kiwanda cha Volkswagen cha Uitenhage, mji ambao tangu 2021 waitwa Kariega, na hapa kwetu zilianza kuunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, Desemba 2016. Umbo la hizo za mwanzo ni la Polo ya kizazi cha nne, kwa hivyo usitarajie skrini kubwa wala mapambo. Utakachopata ni milango inayofunga kwa sauti nzito, kiti kisichokuchosha mgongo hadi Kilifi, na usukani unaokaa sawasawa lori likikupita kwa kasi karibu na Vipingo. Kwa mayai hilo ni jambo kubwa. Mgongo wa Probox ukiwa na mzigo mdogo hurukaruka, na trei za juu ndizo huumia. Kwenye Polo huweka trei chache zaidi, lakini zote hufika.

Kasoro zake za kawaida ni hizi. Iko chini, na matuta ya mitaani yataka uyapande kiupande. Buti ni la nguo na masanduku ya safari, mdomo wake ni mdogo, kwa hivyo kreti za kuku wachinjwa haziingii vizuri. Spea za Toyota wazipata kila kona ya Mombasa, hata siku ya Idi. Za Volkswagen kuna maduka machache, na kitu kisicho cha kila siku hungojewa kutoka Nairobi. Mafuta haili vibaya ukiwa kwenye barabara kuu. Foleni ya Daraja la Nyali jioni ni habari nyingine, lakini pale kila gari hula. Hayo ndiyo yote niliyo nayo kuhusu vyuma.

Sasa nije kwenye mikono. Toyota zetu zinazotoka Japani zina indiketa upande wa kulia wa usukani na waipa kushoto. Volkswagen, kama magari mengine ya Ulaya, imepanga kinyume: indiketa kushoto, waipa kulia. Taa kubwa za Probox huwashwa kwa kuzungusha ncha ya ule mkono wa indiketa. Za Polo zina swichi yake ya duara kwenye dashibodi. Mdomo wa tangi wa Probox uko kushoto, wa Polo uko kulia, na yule kijana wa petroli stesheni keshachoka kuniambia nizunguke pampu. Kisha kuna rivasi. Kwenye Probox wavuta gia kulia kabisa halafu nyuma, chini ya gia ya tano. Kwenye Polo wakandamiza kichwa cha gia kwenda chini, waipeleka kushoto kabisa, halafu mbele, kando ya gia ya kwanza.

Nataka uifikirie hiyo rivasi kwa makini, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Dereva wa Probox akiingia kwenye Polo, makosa yake hayana madhara makubwa, ila yana kelele. Afika makutano, atoa ishara ya kukata kona, na waipa zaanza kufagia kioo kikavu juani. Nyuma yake matatu yapiga honi kwa sababu hakuna ishara iliyowaka. Akitaka kurudi nyuma, mkono wavuta kulia na nyuma, na pale hakuna gia yoyote, kwa hivyo gari halisogei. Wiki za mwanzo ziko hivyo kwa kila aliyebadilisha. Binti yangu, aliyekuwa ameketi kando, alikuwa akisema kwa upole tu, "Mama, hizo ni waipa," na safari yaendelea. Kosa lajitangaza lenyewe, walirekebisha, na kila likijitokeza hupungua nguvu.

Geuza safari. Chukua dereva ambaye sasa keshaizoea Polo, mrudishe kwenye Probox yake ya miaka yote, gari analodhani alijua usingizini. Yuko Kongowea sokoni alfajiri, amebanwa, ataka kurudi nyuma haraka apishe mkokoteni. Mkono waenda kushoto na mbele. Kwenye Probox, kushoto na mbele ni gia ya kwanza. Macho yako kwenye kioo cha nyuma, klachi yaachiwa, na gari laenda mbele, huko ambako hakuna anayetazama, ambako kuna mtu ameinama akipanga nyanya zake chini. Hakuna waipa ya kukushtua. Kosa hili ni kimya mpaka limekwisha kutendeka.

Mimi niliishia kwenye kusikia gari likisukuma upande usiotarajiwa, na mguu ukawahi breki. Lakini nililiona jambo hilo kwa uwazi tangu siku hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa Polo, gari geni, na mtego ukawa kwenye gari la zamani, kwa sababu gari la zamani hakuna anayejiandaa kuliendesha.

Wataalamu wa kumbukumbu wameyachunguza haya muda mrefu, na nilipoyasoma niliona maisha yangu yamo. Mwaka 1900 Wajerumani wawili wa Göttingen, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker, walionyesha kwamba mtu akijifunza orodha ya silabi zisizo na maana, kisha papo hapo akapewa kitu kingine cha kujifunza, ile orodha ya kwanza humtoka zaidi kuliko ya mtu aliyeachwa apumzike. Kipya chakidhoofisha cha zamani. Upande wa pili wa jambo ulikaa muda mrefu bila kupewa uzito wake. Mwaka 1957 Mmarekani Benton Underwood alilinganisha majaribio mengi yaliyokwisha kufanywa, akaona kwamba watu waliojifunza orodha moja tu walikumbuka kama robo tatu yake baada ya siku moja, ilhali waliokwisha kujifunza orodha nyingi kabla yake walibaki na kama robo moja tu ya ile ya mwisho. Hawakuwa wajinga zaidi. Walikuwa na ya nyuma mengi zaidi.

Nyumbani kwangu mtu wa orodha moja na mtu wa orodha nyingi tunakaa meza moja. Binti yangu alisomea udereva kwenye gari la Ulaya na mazoezi akayafanyia kwenye Polo. Hajawahi kuwasha waipa kwa bahati mbaya, na rivasi ya kukandamiza aliishika mara moja kama aliyezaliwa nayo. Mimi, mwenye miaka mingi barabarani kuliko umri wake, nilihangaika muda mrefu na kitu hicho hicho. Kuna jirani alisema ni uzee. Nakataa, na ushahidi ninao: nilipompa binti huyo Probox apeleke mzigo Mtwapa, alirudi akilalamika kwamba waipa ziko mahali pabaya. Kile kile nilichokuwa nikisema kuhusu Polo, naye akakisema kuhusu gari lililolipa karo yake. Hakuna kampuni iliyokosea kupanga vyuma vyake. Aliyetangulia kufika kichwani ndiye mwenye nyumba, na anayefuata hupata tabu ya kukaa.

Ukishalijua jambo hili waliona kila mahali. Ni lile lile linalokutokea ukibadilisha namba ya siri ya M-Pesa, ukasimama kwa wakala huku kidole kinaandika ya zamani. Na ukishaizoea mpya, ukiulizwa ya zamani huipati. Ni lile linalonipata sokoni nikitafuta gari: nafika pale nilipoegesha jana, kwa uhakika kabisa, kwa sababu soko ni lile, mfuko ni ule, na siku zimelaliana. Wazee wetu bado huita Salim Road barabara ambayo wengine wote tunaijua kama Digo Road, na mwenye tuktuk kijana akabaki ameduwaa.

Yako mambo mawili mengine ambayo muuzaji hatakwambia, na ambayo mazoezi ya nusu saa kabla ya kununua hayawezi kukuonyesha.

La kwanza ni kwamba mazoea ya zamani hayafutiki. Huwekewa tu kitu juu yake. Nilikuwa nimeshatulia kabisa na Polo, indiketa kushoto bila kufikiri, kisha nikaenda Lamu kwa jamaa, kule ambako mji mzima huendi kwa gari. Niliporudi, asubuhi ya kwanza waipa zilifagia tena kama siku niliyoinunua. Kile kipya kilikuwa kimefifia kidogo, na cha zamani, chenye mizizi mirefu, kikachukua nafasi. Vilevile ukishtuka. Bodaboda ikitokea ghafla kwenye kona ya Mtwapa, mkono hautafuti ulichojifunza mwaka huu. Huenda kwenye ulichojifunza kwanza. Kwa hiyo kama wewe ni dereva wa miaka mingi wa Toyota, panga kwamba katika dharura utakuwa dereva wa Toyota ndani ya Volkswagen. Breki, klachi na honi, nashukuru, ziko mahali pamoja kwenye magari yote mawili. Ingekuwa pedali nazo zimebadilishana ningekwambia usiinunue kabisa.

La pili ni kwamba wiki ya kwanza si ya hatari. Wiki ya kwanza uko macho. Sweden ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima alfajiri moja, na watu walitarajia maafa. Ajali zilipungua kwa muda, kwa sababu kila mtu alikuwa akiendesha kwa hofu na makini. Baadaye, watu walipozoea, zikarudi kiwango chake cha zamani. Mlangoni kwangu yupo jirani anayeendesha lori la kontena kutoka Kilindini hadi Kigali. Kenya na Uganda twaendesha kushoto. Akivuka Katuna kuingia Rwanda ahamia kulia. Nilimwuliza ni wapi panamtisha. Akasema, "Mpakani siogopi, dada. Pale kuna askari, kuna bendera, kila kitu chakwambia umevuka. Naogopa alfajiri ya kesho yake, nikitoka mahali nilipolala, barabara tupu, hakuna gari la kunikumbusha." Na akirudi Kenya, alfajiri ya kwanza ni hivyo hivyo. Cha kupendeza ni kwamba Volkswagen ilianza kuunganisha Polo Kigali pia, mwaka 2018, za usukani wa kushoto. Rivasi ni ile ile ya kukandamiza, ila huko huishika kwa mkono wa kulia. Jirani alicheka sana nilipomwambia, kisha akasema hataki hata kuijaribu.

Maneno yake ndiyo yaliyonipa dawa. Kama vurugu yatokana na mambo mawili kufanana mno, basi yatenganishe kwa nguvu. Kichwa cha gia cha Polo nimekivisha kitambaa cha leso, kile chenye nakshi za kanga na pindo la kamba. Kiganja kikikigusa, hata gizani, chajua kiko wapi. Kile cha Probox nimekiacha kitupu, plastiki iliyosuguliwa na miaka. Kabla ya kugusa rivasi natamka kwa sauti, bila haya, "Polo, chini kushoto," au "Probox, kulia nyuma." Abiria wakinishangaa nawaeleza. Binti yangu naye hufanya hivyo, na kwake nimelifanya kuwa sharti: asiyetamka hapewi funguo.

Jambo jingine lililosaidia ni kuacha kubadilisha gari katikati ya haraka. Zamani ningeshuka kwenye Probox saa nne, niruke ndani ya Polo saa nne na dakika tano. Sasa asubuhi yote ni ya gari moja, na kubadilisha ni baada ya chakula cha mchana na sala, nikiwa nimepumzika. Mazoezi ya rivasi niliyafanya jioni uani, mbele na nyuma kati ya ndoo mbili, kisha nikalala. Kulala huko nako si ubunifu wangu. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa chuo kikuu cha Cornell waliona kwamba watu walisahau kidogo walipolala baada ya kujifunza kuliko walipokaa macho kwa saa hizo hizo. Mchana huleta mapya mengine ya kugombania nafasi. Sikupima kwa mizani ya maabara, lakini tangu nianze utaratibu huo mkono wa kushoto umetulia.

Basi hukumu yangu. Kama hujawahi kumiliki gari, au watoka kwenye Peugeot, BMW au Volkswagen nyingine, chukua Polo Vivo ya mkono bila wasiwasi wowote. Ni gari imara, linalopendeza kuendesha, na kwa safari za Mombasa hadi Malindi ningelichagua mbele ya magari mengi ya bei yake. Kama watoka kwenye Toyota na utaiuza Toyota hiyo, nunua, vumilia waipa zako, na ukumbuke kwamba ukiazima gari la ndugu siku moja utakuwa mgeni ndani yake. Kama nyumba itakuwa na yote mawili na madereva watabadilishana, hapo nasita. Gawa magari kwa watu, kila mtu na lake, au fikiria Vivo ya otomatiki, ambayo walau rivasi yake iko katika mstari mmoja na haina ugomvi na mtu. Na kama una dereva wa kuajiriwa anayeendesha Hiace asubuhi na Polo jioni, mlipe muda wa kubadilisha. Usimhesabu kuwa mzembe akiwasha waipa. Mwulize kuhusu rivasi.

Siku ya kulijaribu gari, usilijaribu kama watu wote wanavyolijaribu, kutoka yadi hadi mzunguko wa barabara na kurudi. Nenda na gari lako la sasa. Iendeshe Polo muda mrefu kadiri mwenyewe atakavyokubali, irudishe nyuma mara nyingi mpaka mkono uanze kuizoea. Kisha shuka, ingia kwenye gari lako, mbele pasiwe na mtu wala ukuta, mguu uwe juu ya breki, na uweke rivasi bila kutazama. Mkono ukisita au ukienda kushoto, anza kuhesabu muda wa mazoezi pamoja na pesa za bima na za kuandikisha gari kwa jina lako.